Barua ya Wazi: Msibadilishe Bei Mtoto Akiwa Tayari Darasani

Kutoka: Mwalimu wa Hisabati, shule ya sekondari, Tanga, Tanzania

Kwa: Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, pamoja na wakuu wa vyuo vikuu vya Uingereza vinavyokuja kutafuta wanafunzi Afrika Mashariki

YAH: KUPUNGUZIWA MUDA WA VIZA YA WAHITIMU KWA WANAFUNZI WALIOKWISHA KUANZA MASOMO

Mheshimiwa Waziri, na Waheshimiwa Wakuu wa Vyuo,

Salamu kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mwaka wa 22 sasa nashika chaki, na ni mjomba wa binti anayesoma uhandisi wa umeme katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Kabla ya kuandika hapa nimepita milango ya kawaida yote. Nilimwandikia wakala aliyetupeleka huko, akanijibu kwamba mambo ya viza si yake, niulize chuo. Nikakiandikia chuo barua pepe mbili. Wakanijibu kwa adabu kubwa kwamba sheria ni ya serikali na wao hawana la kufanya, wakanitakia siku njema. Sasa nimeona bora niwaketishe wote kwenye mkeka mmoja, tuzungumze mbele za watu. Jina la wakala na la chuo nayahifadhi, maana walichofanya wao kimefanywa na wengi.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wazazi wanaolipa ada hizi hupiga hesabu zao kwa Kiswahili, usiku, barazani, kwa kalkuleta ya simu. Wizara haikosi mtafsiri. Dada yangu hana.

Nianze na lile tusilobishania. Nyumba ni yenu na funguo ni zenu. Kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie na akae muda gani, na sidai kwamba mpwa wangu ana haki ya kuishi kwenu. Dai langu ni dogo kuliko hilo. Shahada na miaka 2 ya kufanya kazi kwenu baada yake, kwa kile mnachokiita viza ya wahitimu, viliuzwa kwetu kama kifurushi kimoja, pesa ikapokelewa, kisha robo ya ile miaka ikachomolewa mzigo ukiwa njiani.

Nieleze tulivyonunua. Machi 2024 wakala alikodi ukumbi wa hoteli hapa mjini. Meza 9, mabango ya kusimama, peremende kwenye mabakuli, kalamu za bure. Kwenye bango la chuo tulichokuja kukichagua kulikuwa na kijana anacheka mbele ya jengo la matofali mekundu, na chini yake maneno makubwa kuliko hata jina la chuo: SOMA MIAKA 3, FANYA KAZI MIAKA 2. Dada yangu hakuuliza chuo kina maabara ngapi. Aliuliza, "Hiyo miwili ni ya uhakika?" Kijana wa wakala, tai imemkaba na jasho linamtoka, akasema, "Mama, hiyo ni sheria ya serikali ya Uingereza." Akampa kipeperushi. Bado tunacho. Kimebandikwa kwa ndani kwenye mlango wa kabati la vyombo, na kina doa la mchuzi juu ya neno "miaka".

Binti alikuwa na alama za kumwingiza uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hilo nataka mlikumbuke hadi mwisho wa barua. Hatukwenda Uingereza kwa kukosa pa kusoma. Tulikaa kikao cha familia, mimi na karatasi yangu, na kilichoamua ni ile miaka 2. Ada ni pauni 16,500 kwa mwaka, mara 3, na pauni moja inakula shilingi zaidi ya 3,000. Dada aliuza kiwanja cha Pongwe. Mimi nilikopa SACCOS ya walimu. Shemeji, fundi seremala, aliuza mashine ya kuranda aliyoinunua kwa miaka 6 ya kujinyima. Nikawachorea: mwaka wa kwanza wa kazi atajikimu na kuzoea, wa pili atalipa madeni, kisha arudi na uzoefu ambao hapa hauokotwi. Bila miaka ile hesabu haikubali. Nilijaribu kila namna, haikubali, na mtoto angekwenda Dar.

Shemeji si msemaji. Jioni ile aliuliza swali moja tu: "Na wakibadilisha?"

Nikamjibu mimi, msomi wa ukoo: "Serikali ya Uingereza si duka la mtaani, shemeji."

Wala sikuwa nabahatisha. Mei 2024 Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, ambayo ni kamati yenu wenyewe, ilimaliza kuichunguza viza ya wahitimu na kupendekeza ibaki kama ilivyo, ikisema haikuona ushahidi wa kutumiwa vibaya kwa kiwango kikubwa. Juni tukalipa amana. Julai serikali yenu ikabadilika, nikaingiwa na hofu, lakini tarehe 23 mwezi huo huo Waziri mpya wa Elimu, Bridget Phillipson, akasimama na kusema hadharani kwamba wanafunzi wa kigeni wanakaribishwa, na kwamba wanaotimiza masharti watapata miaka 2 ya viza ya wahitimu baada ya masomo, au 3 kwa shahada ya uzamivu. Nilimsomea dada maneno hayo kwenye simu. Septemba mtoto akapanda ndege.

Mei 2025, binti anajiandaa na mitihani ya mwaka wa kwanza, ukatoka waraka wa sera: miaka 2 itakuwa miezi 18. Oktoba 14, 2025 ikawekwa kwenye kanuni. Atakayeomba viza ya wahitimu kuanzia Januari 1, 2027 atapata miezi 18, isipokuwa wa uzamivu, ambaye anabaki na miaka yake 3. Mpwa wangu anamaliza Juni 2027.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeipima sheria kwa siku ya kuomba viza, wakati mtu anafanya uamuzi siku ya kuanza masomo.

Hili ndilo kubwa, na lingerekebishwa lingine lote ningelimeza. Aliyeanza shahada ya miaka 3 Septemba 2024 hakuwa na njia yoyote ya kuijua kanuni ya Oktoba 2025. Hawezi kurudi nyuma akachague tena. Hawezi kuhamia nchi nyingine bila kupoteza mwaka au 2 na ada yote aliyolipa. Mnambadilishia masharti mahali pekee ambapo hana mlango wa kutokea. Sisi watu wa pwani tuna mambo yetu kwenye harusi, na kuombana pesa mlangoni kwa bibi harusi ni sehemu ya mchezo, lakini hata mkorofi wa ukoo anajua kwamba mahari ikishapokelewa haipandishwi bwana harusi akiwa ameshika kitasa.

Wala msiniambie haiwezekani kufanya vinginevyo. Kanada nayo imekaza, tena imekaza sana. Januari 2024 iliweka kikomo cha idadi ya vibali vya masomo, na mwaka huo huo ikapandisha kiasi cha pesa za kujikimu ambacho mwanafunzi lazima aonyeshe, kutoka dola 10,000 za Kanada hadi 20,635. Lakini ilipoamua kwamba wahitimu wa kozi zisizotoa shahada watapata kibali cha kazi ikiwa tu kozi zao zimo kwenye orodha, iliwaondoa kwenye sharti hilo wote walioomba kibali cha masomo kabla ya Novemba 1, 2024. Aliyeingia kwa sheria ya zamani anatoka kwa sheria ya zamani. Si kwamba Wakanada ni wapole kuliko nyinyi. Kwenye jambo hilo moja walipima kwa siku ya mwanzo, basi.

2. Miezi 6 mliyoikata si miezi 6.

Kwa hesabu ya haraka, mtu akifanya kazi saa 37.5 kwa wiki, kwa wiki 26, kwa kima cha chini cha mwaka 2025 cha pauni 12.21 kwa saa, anapata karibu pauni 11,900 kabla ya kodi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 35. Ni kiwanja cha Pongwe na mashine ya shemeji, na chenji inabaki. Nimezingatia pia kwamba tozo ya afya, ile anayolipa mgeni pamoja na viza, inapungua, nisije nikaambiwa nachagua namba: kwa pauni 1,035 kwa mwaka, miezi 6 inaokoa pauni 517.50. Ada ya viza yenyewe, pauni 880 kwa kiwango cha 2025, haijapunguzwa robo.

Lakini hesabu hiyo ni nyepesi. Nzito ni hii. Makampuni yenu makubwa mengi huajiri wahitimu kwa msimu: maombi yanafunguliwa vuli, kazi inaanza Septemba ya mwaka unaofuata. Binti anaweza kuomba akiwa bado mwaka wa 3, na ataomba. Wengi hukosa awamu hiyo ya kwanza, wazawa na wageni. Akikosa, ataomba tena vuli ya 2027, kwa kazi ya Septemba 2028. Tuseme viza yake ya wahitimu inaanza Agosti 2027. Kwa miezi 24 ingekwisha Agosti 2029, yaani mwajiri angekuwa na karibu mwaka mzima wa kumwona akifanya kazi kabla ya kuamua kama amdhamini apate viza ya kazi. Kwa miezi 18 inakwisha Februari 2029. Miezi 5. Jiwekeni kwenye kiti cha mwajiri anayejaza fomu, mbele yake vijana 2 wenye alama sawa, na mmoja ana miezi 5.

Na udhamini wenyewe mmeuinua. Kima cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipanda Aprili 2024 kutoka pauni 26,200 hadi 38,700, kisha Julai 2025 hadi 41,700. Kwa mhitimu anayeanza kipo cha chini, pauni 33,400, ambacho nje ya London si mshahara wa kila mtu anayetoka chuoni. Mmeinua ukuta, kisha mkafupisha ngazi.

3. Mstari wa Januari 1 hauulizi nani alichelewesha.

Nina kijana niliyemfundisha hapa, amekwenda kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Alikuwa aanze Septemba 2025. Angekwenda wakati ule, matokeo yangetoka kwenye Novemba 2026, angeomba viza kabla ya mwaka kuisha na kupata miezi 24. Lakini mnataka pesa za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Siku ya 19 ukatokea msiba kwao, bibi mzaa baba. Baba yake akatoa laki 8 za sanda, usafiri na chakula cha waombolezaji, akazirudisha wiki iliyofuata baada ya michango kuingia. Salio lilikuwa limeshuka chini ya mstari, siku zikaanza kuhesabiwa upya, muhula ukampita. Akaanza Januari 2026. Anamaliza Januari 2027. Miezi 18.

Chuo kile kile, kozi ile ile, ada ile ile, mwalimu yule yule. Mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja bwenini Tanga anapata miezi 24. Tofauti yao ni sanda.

Na wapo watakaovuka mstari kwa sababu chuo kimechelewa kusahihisha au kuitaarifu Wizara kwamba mwanafunzi amemaliza, kwa kuwa bila taarifa hiyo viza ya wahitimu haitoki. Mwanafunzi hana mkono kwenye foleni ile. Wakuu wa vyuo, hapo nawatazama nyinyi.

4. Mnatufundishia watoto kuchagua elimu kwa kalenda.

Zamani kidato cha 6 wakija ofisini waliuliza chuo gani kinafundisha vizuri. Siku hizi swali la kwanza ni "nchi gani inatoa miezi mingapi", na wanajua majibu kuliko mimi. Ireland miezi 24 kwa uzamili. Ujerumani miezi 18 ya kutafuta kazi, na vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila uanze kuhangaika na Kijerumani. Marekani walikuwa wakihesabu miezi 12, au 36 kwa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, hadi lilipotoka tangazo la Desemba 2025 lililotuweka Watanzania kwenye orodha, na kuanzia Januari 1, 2026 viza za masomo za huko zikasitishwa kwetu. Warundi walikuwa wametangulia tangu Juni 2025. China na India, wanakokwenda wengi wetu, hazimo kwenye mbio hizi za miezi, lakini hata huko wanauliza.

Msichana mmoja, kichwa kweli kweli, anaipenda historia kiasi cha kumrekebisha mwalimu wake tarehe. Aliniuliza, "Mwalimu, historia ina miezi mingapi?" Nilicheka kwanza. Baadaye sikucheka. Ameomba kozi ya takwimu.

Nyinyi mnalijua hili kuliko sisi. Mlipoifunga viza ya kazi baada ya masomo Aprili 2012, wanafunzi wapya kutoka India walipungua kwa karibu nusu kati ya mwaka wa masomo wa 2010/11 na ule wa 2012/13. Ilipotangazwa mwaka 2019 kwamba itarudi, na ikafunguliwa Julai 1, 2021, walimiminika tena. Chuo kilikuwa kile kile na mvua ile ile. Kilichohama ni viza.

5. Mawakala mmewaacha wauze wanavyotaka.

Kwetu wakala wa kupeleka wanafunzi nje anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwenu, kamati ile ile ya Mei 2024 ilipendekeza usajili wa lazima wa mawakala, na ilieleza wasiwasi wake kuhusu wanavyowaelekeza vibaya baadhi ya wanafunzi. Pendekezo la kuuacha muda wa viza kama ulivyokuwa mmelikiuka, na hili la mawakala nalo mngelifanyia kazi kwa bidii ile ile tungelalamika nusu. Wakala analipwa kamisheni na chuo, mara nyingi sehemu ya ada ya mwaka wa kwanza. Mteja wake ni chuo, si dada yangu, ingawa dada yangu ndiye aliyempikia pilau.

Najua mtakayojibu. Nimekwisha kujibiwa mengi yake, na mengine nimeyasoma.

Mtasema viza ya masomo ni ya masomo, atakaye kazi atafute viza ya kazi. Ingekuwa hivyo, maneno FANYA KAZI MIAKA 2 yasingekuwa makubwa kuliko jina la chuo. Mkakati wenu wa elimu wa mwaka 2019 ulilenga wanafunzi wa kigeni 600,000 ifikapo 2030, na lengo lilifikiwa karibu miaka 10 kabla. Viza hii ilikuwa chambo, na samaki ameingia. Sina kinyongo na chambo. Nina kinyongo na kuambiwa hakikuwepo.

Mtasema masharti yaliandika kwamba sheria inaweza kubadilika. Ni kweli, yaliandika, kwa herufi ambazo nilizisoma baada ya kuvaa miwani ya dada juu ya yangu. Sheria kubadilika ni jambo moja. Kubadilika kwa anayekuja kesho ni haki yenu. Kumrudia aliyelipa jana ndiko ninakokulalamikia.

Mtasema wahitimu wengi wenye viza hii hawafanyi kazi za kiwango cha shahada. Mimi nafundisha, na nina wanafunzi wanaochelewa kuelewa. Sijawahi kumsaidia hata mmoja kwa kumfupishia muda wa mtihani. Kijana mwenye miezi 18 na madeni ya kwao hatasubiri kazi inayofanana na shahada yake. Atabeba maboksi ghalani kuanzia wiki ya kwanza. Takwimu mnayoilalamikia mtaikuza wenyewe.

Mtasema wapo wanaotumia masomo kama mlango wa kuhamia. Wapo. Nawajua wawili kwa majina, na mmoja ana deni langu. Lakini huyo hakai miaka 3 akisoma saketi na hesabu za kalkulasi kwa ada kamili ya mgeni.

Na nyinyi wakuu wa vyuo mtasema, kama mlivyosema, kwamba sheria si yenu. Sawa. Bango ni la nani?

Ninayoomba yanatekelezeka, tena mengine hayahitaji hata bunge kukaa:

Kwanza, wote walioanza masomo kabla ya Oktoba 14, 2025 wapewe muda ule waliokuta, yaani miaka 2, bila kujali wanamaliza lini.

Pili, kuanzia sasa badiliko lolote la viza ya wahitimu lipimwe kwa tarehe ya viza ya masomo, ili mzazi anayelipa amana ajue anachonunua.

Tatu, mwanafunzi ambaye matokeo yake yamechelewa kwa sababu ya chuo asivushwe mstari kwa kosa lisilo lake. Chuo kiandike kwamba kosa ni la chuo, na Wizara ikubali maandishi hayo.

Nne, vyuo viweke kwenye barua ya udahili, ukurasa wa kwanza, sentensi moja isiyohitaji miwani: ukimaliza tarehe fulani, kwa sheria ya leo, utapata miezi kadhaa. Na sheria ikibadilika kabla mtoto hajaanza masomo, amana irudishwe yote.

Tano, mawakala wasajiliwe kwa lazima, na kila mmoja aseme mbele ya mzazi analipwa na nani. Kiasi gani, akipenda. Sisi tutakisia.

Mpwa wangu hajui kwamba naandika. Wiki iliyopita alipiga, "Shikamoo mjomba," akanieleza habari za transfoma mpaka salio likaisha, na mwisho akauliza kama ni kweli Ireland wana miezi 24 na kama wanachukua mtu wa mwaka wa 2. Nilimwambia asome kwanza, mengine nitayaulizia mimi. Ndiyo naulizia.

Awamu ya kwanza ya ada ya mwaka wa 3 inatakiwa Septemba 2026. Ningependa kuwa na jibu la kumpa shemeji kabla ya tarehe hiyo.

Wasalaam,

Mwalimu wa Hisabati
Tanga